Sajini Hasahau Sura

Kufikia saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bronwyn Zeller alikuwa ameshaiteka meza aliyoitaka, ile iliyo karibu na bwawa, yenye kivuli, na jiko la umeme la kuchomea nyama hatua tano tu pembeni. Katika Bustani ya Hodgkin meza haiwekewi nafasi kwa simu. Meza ni ya aliyetangulia, na Jumamosi ya Septemba, maua yakiwa yamefumuka na mji mzima wa Warrabel umechoka kujifungia ndani kwa baridi tangu Juni, aliyetangulia ni yule aliyekunywa chai yake gizani. Alitandika kitambaa, akafunga maputo manne kwenye pembe, akaweka boksi la barafu juu ya benchi moja, na benchi la pili akamkalisha mama yake. Maputo watu huyapuuza. Bibi kizee mwenye blanketi magotini hakuna anayethubutu kumhamisha.

"Nimekuwa jiwe la kushikilia kitambaa," alisema mama yake, Noelene.

"Kaa tu, mama."

"Tunamkimbia nani? Hata bata hawajaamka."

Mtu ambaye Bronwyn alikuwa anamkimbia alikuwa na jina, na jina lenyewe lilimkera kulitamka kabla hajala: Tamsin, mpenzi mpya wa aliyekuwa mume wake. Mwezi uliopita, kwenye siku ya michezo ya shule, Tamsin ndiye aliyefika kwanza uwanjani, akapata kivuli kizuri, akawakaribisha kina mama wote, nao wakamsifu. "Mkarimu huyo," walimwambia Bronwyn, kana kwamba walikuwa wanampongeza yeye. Bronwyn alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Leo isingetokea. Leo Maeve anatimiza miaka tisa, na siku ya kuzaliwa ya Maeve ilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ilikuwa mali ya Bronwyn peke yake.

Aliianzisha mwenyewe. Mtoto alipotimiza mwaka mmoja, alimsukuma kwa kigari kulizunguka bwawa mara moja. Alipotimiza miwili, mara mbili. Baadaye baiskeli ya magurudumu matatu, kisha ya mawili, mzunguko mmoja kwa kila mwaka, mama na binti peke yao, huku baba mtu, Grantley, anachoma soseji. Ndoa ilivunjika. Nyumba ikauzwa. Mbwa akaenda kwa Grantley. Mizunguko ikabaki kwa Bronwyn.

Mwaka jana ilitakiwa kuwa minane, ikaishia mitano, na aliyeikatiza alikuwa Sajini.

Sajini ni magpai dume, ndege mweusi mwenye mabaka meupe, ukubwa wake kama kunguru. Anaimba vizuri kuliko ndege wote wa Warrabel, na tangu Agosti hadi Oktoba, mkewe akiwa kwenye kiota, anapiga watu vichwa. Wenyeji wamezoea. Watu wazima wanatembea na miavuli jua likiwaka, watoto wanakwenda shule wamevaa makopo ya aiskrimu yaliyochorwa macho kisogoni, na hakuna anayecheka. Kuna kanuni moja tu, na mtoto wa hapo huijua kabla hajajua kusoma: pita zako, usimkimbize, usimrushie kitu. Magpai akishaiweka sura yako kichwani, haitoki.

Bronwyn, mzaliwa wa mji huo, alimrushia chupa ya maji.

Alikuwa na sababu. Sajini alikuwa amemshukia Maeve, akamparua sikio, mtoto akaanguka na baiskeli, damu shavuni. Mama gani angefikiria kanuni? Chupa haikumpata ndege. Iligonga tawi lenye kiota kwenye mkalitusi mkubwa, kiota kikatikisika, na tangu siku hiyo Bronwyn hakuwahi tena kupita chini ya mti ule bila kushukiwa. Alibadilisha kofia, alibadilisha koti, alikata nywele. Sajini alimjua. Watu wengine aliwashukia siku moja moja tu. Lakini Bronwyn, ndege alimfuata mpaka kwenye gari.

"Leo amejiandaa?" Noelene aliuliza, akiutazama mkalitusi upande wa pili wa bwawa.

"Nani?"

"Mchumba wako wa juu."

"Mimi ndiye niliyejiandaa." Bronwyn alifungua mfuko, akatoa helmeti mbili za baiskeli. Alhamisi jioni alikaa sebuleni akazifunga vifungio vya plastiki, vile vya kufungia nyaya, arobaini kwa kila helmeti, ncha zikisimama kama miiba ya nungunungu. "Akija, ajichome."

Noelene alizikagua. "Mtaonekana kama brashi za choo."

"Tutaonekana tumemaliza mizunguko tisa."

Grantley alifika saa mbili na nusu. Wageni, wasichana wanne wa darasa la Maeve, walialikwa saa nne, ili mizunguko iishe kwanza. Ilikuwa wikiendi ya baba, kwa hiyo Maeve alilala kwake, na walikuja wote watatu, Grantley mbele na mkate na viti vya kukunja, Maeve na Tamsin nyuma wakizisukuma baiskeli zao na kuzungumza, vichwa vimekaribiana. Tamsin alikuwa nesi wa wanyama kwenye kliniki moja mjini, mrefu, mtulivu, mwenye jaketi la njano ambalo halivui hata jua likitoka. Alikuwa hapigi kelele. Hicho ndicho kilichomuudhi Bronwyn kuliko vyote. Mtu ambaye hapigi kelele utagombana naye vipi?

"Heri ya kuzaliwa, mwanangu!" Bronwyn alimkumbatia binti yake mpaka miguu ikaacha ardhi. "Miaka tisa! Una njaa? Umelala? Umepaka mafuta ya jua?"

"Tamsin amenipaka."

"Sawa. Njoo nikuongezee."

"Mama, nimepakwa mpaka masikioni."

Bronwyn alimpaka tena. Pua, shingo, masikio. Kwenye sikio la kushoto kulikuwa na kovu dogo la mwaka jana, na alilipitishia kidole polepole. Kisha akamletea helmeti yenye miiba.

Maeve aliiangalia, akamwangalia Tamsin, akaiangalia tena helmeti. Yake mwenyewe, ya kijani, ilining'inia kwenye usukani, tupu, bila hata kifungio kimoja.

"Siihitaji, mama."

"Unaihitaji. Umesahau mwaka jana?"

"Sijasahau. Ila Sajini hanipigi tena." Mtoto alisema haraka, kama anayeruka ndani ya maji baridi. "Ananijua. Tumekuwa tunakuja huku."

"Mmekuwa mnakuja lini?"

"Jumapili. Zile za baba. Tangu Juni."

Grantley aligundua ghafla kwamba boksi lina barafu kidogo. "Nakimbilia kituo cha mafuta kununua barafu," alisema, na kwa mtu aliyesema anakimbia, alikimbia kweli.

Hivyo ndivyo Bronwyn alivyoijua habari yote, akiwa amesimama na helmeti mkononi. Kipupwe kizima, Jumapili moja ndiyo, moja siyo, wakati yeye anafua sare za shule na kudhani mtoto anatazama katuni kwa baba yake, Maeve na Tamsin walikuwa wanakaa chini ya mkalitusi na kikopo cha funza wakavu. Mwanzo walikaa mbali, kisha karibu kidogo, kisha karibu zaidi. Hawakumtazama ndege sana, hawakusema sana. Mwezi wa Julai Sajini alichukua funza wa kwanza majanini. Agosti, mkewe alipoanza kulalia, alikuwa anatua hatua mbili kutoka kwenye viatu vyao na kuwaimbia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

Angekataa, ndiyo. Hilo halikupunguza kitu. Roho ilimuuma kama jino. Asingejali sana kama Tamsin angemnunulia mtoto simu au kumpeleka ufukweni. Vitu vya kununuliwa vinachakaa. Lakini huyu alikuwa amekaa chini na mtoto wake kwenye baridi, akamwondolea hofu ambayo yeye, mama mzazi, alikuwa anapanga kuifunga kwa plastiki.

"Nilidhani Grantley amekueleza," Tamsin alisema. Alikuwa amekaribia, mikono mifukoni. "Samahani, Bronwyn. Ningepaswa kukupigia mwenyewe."

"Ungepaswa."

"Ndiyo."

Umeona? Hata hapo hakubisha.

"Funza," alisema Bronwyn, akitafuta pa kumshika. "Watu wote wanawapa nyama ya kusaga."

"Nyama ya kusaga inawaharibu midomo. Inaoza ndani."

"Aa."

Noelene, kwenye benchi lake, alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

Maeve alimvuta mama yake mkono, wakasogea mpaka ukingoni mwa bwawa, kwenye tulipu nyekundu na za njano zilizopangwa na wafanyakazi wa bustani kama askari wa gwaride. Uso wa mtoto ulikuwa umekunjamana. Bronwyn aliujua uso huo. Ulikuwa uso wake mwenyewe wa kuwapigia wagonjwa simu na kuwaambia daktari wa meno ameahirisha miadi yao.

"Mama, usikasirike."

"Sijakasirika."

"Unapumua kwa pua."

"Kila mtu anapumua kwa pua. Sema."

"Sajini akiniona na wewe, ataniweka upande wako. Tamsin amesema inawezekana. Anakumbuka nani yuko na nani. Halafu kazi yote ya Juni, Julai na Agosti inakuwa bure. Nataka nimalize tisa. Kwa hiyo naomba leo nizunguke na Tamsin. Leo tu. Wewe utahesabu."

Leo tu. Bronwyn alitazama bata. Bata mmoja alikuwa na vifaranga saba na hakuna jirani aliyekuwa akimsaidia kuwalea.

"Nimezunguka na wewe tangu hujui kukaa," alisema.

"Najua."

"Mwaka wa tano ulikuwa na homa, nikakubeba mgongoni mizunguko mitatu ya mwisho."

"Najua, mama. Unaisema kila mwaka."

Alirudi mezani. Tamsin alikuwa amekwenda kwenye bomba la nyuma ya vyoo kuosha stroberi, bakuli kubwa lililojaa. Juu ya benchi aliacha jaketi la njano, asililowanishe, na juu ya jaketi helmeti yake nyeupe, na ndani ya helmeti miwani ya jua.

Noelene aliona macho ya binti yake yanapotua. "Bronwyn," alisema. "Hapana."

"Sijasema kitu."

"Tangu una miaka minne najua kitu ambacho hujasema. Hapana."

Bronwyn alikuwa tayari ameingiza mkono mmoja. Jaketi lilimbana kifuani na kumzidi mikono, likanukia sabuni ya kliniki na mbwa. Alifunga zipu mpaka kidevuni, akavaa helmeti nyeupe, akasukuma nywele zote ndani, akaweka miwani. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mwenye stashahada, anayeendesha ratiba ya madaktari watatu wa meno bila kosa, na alikuwa amejigeuza mwanamke mwingine ili apate ruhusa ya ndege kukaa karibu na mtoto aliyemzaa. Alilijua hilo. Alipanda baiskeli ya Tamsin hivyo hivyo.

Maeve alimwona, mdomo ukabaki wazi.

"Ni kosa hili," alisema.

"Twende."

"Mama, akikutambua..."

"Anaijua njano. Ataona njano. Twende kabla hajamaliza kuosha stroberi zake."

Mtoto aliangalia kuelekea bombani. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, naye mama yake alikuwa anamwomba kitu kwa sauti ya mtu anayetoa amri. Mwishowe alivaa helmeti yake ya kijani. "Usivue miwani," alisema. "Usiongee. Tamsin haongei tukipita pale. Na usikanyage pedali kama unaua nyoka. Polepole."

Wakaanza. Njia iliyazunguka maji nusu kilomita, kwanza kwenye jua, kisha chini ya mierebi iliyochipua majani mapya, kisha kona, kisha mkalitusi. Bronwyn aliendesha polepole, mgongo umenyooka, kama alivyomwona Tamsin akiendesha. Juu kwenye tawi, Sajini alikuwepo. Aligeuza kichwa, jicho moja jekundu-kahawia likawaangalia. Maeve alipiga mluzi mdogo, sauti mbili, ya chini na ya juu. Mluzi ambao Bronwyn hakuwahi kuusikia.

Sajini akaujibu. Hakushuka.

Walipita. Mita kumi, mita ishirini. Bronwyn aliachia pumzi.

"Mmoja," alisema Maeve, na akacheka.

Na kwa dakika mbili zilizofuata Bronwyn alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu kipupwe kianze. Upepo ulikuwa wa uvuguvugu. Watu walikuwa wanatandika mikeka, mtu anapiga mpira kwa gongo, vitunguu vya kwanza vinanukia kwenye majiko. Magoti ya Maeve yalipanda na kushuka kando yake. Alimtazama Noelene kule mezani akampungia, na Noelene hakupunga, alijifunika blanketi usoni. Mwache. Alikuwa ameweza. Mizunguko minane imebaki, na kama itabidi awe wa njano mizunguko yote minane, atakuwa wa njano.

Walikuwa wanaikata kona ya mkalitusi kwa mara ya pili wakati Grantley alipotokea kwenye maegesho na mifuko miwili ya barafu. Aliona jaketi kwa nyuma. Uso wake ukachanua, uso ambao Bronwyn aliufahamu vizuri, kwa sababu miaka mingi iliyopita ulikuwa unachanua hivyo kwa ajili yake.

"Polepole, mpenzi wangu!" aliita. "Utamchosha mtoto! Leo umependeza!"

Hakuwahi kumwita Bronwyn hivyo mbele za watu. Miaka kumi na moja ya ndoa alimwita "Bron" kama anayeita trekta. Na umependeza? Kwa jaketi la mvua?

Bronwyn aligeuka mzima mzima kwenye kiti. "Mpenzi wako nani?" alifoka, sauti yake yenyewe, ile ya mwaka jana, na miwani ikamteleza puani ikaanguka njiani.

Grantley aliangusha barafu.

Juu mtini paliingia kimya. Bronwyn aliinua uso. Hakupaswa kuinua uso. Sajini aliinama kwenye tawi, akamtazama, na ungeweza kuona kabisa akimkumbuka. Alifungua mabawa.

"Mama!" Maeve alisema kwa sauti ndogo.

Ndege hakutoa onyo. Alikuja chini chini juu ya majani, moja kwa moja, mdomo ukigonga kama mkasi. Maeve alikuwa kushoto kwake, karibu kiasi cha kumgusa, na Bronwyn aliona jambo kwa uwazi ambao hakuutaka: baada ya sekunde mbili Sajini atawakuta wakiwa kitu kimoja, na hatawatenganisha tena. Mwaka ujao, na ule mwingine. Ndege hawa wanaishi miaka ishirini.

Alikata usukani kulia. Aliiacha njia, akashuka kwenye majani, akakanyaga pedali kama anayeua nyoka, na alipiga kelele zote alizozizuia tangu asubuhi. "Huku! Njoo huku, mwizi wewe! Mimi ndiye! Niangalie!"

Akamwangalia. Pigo la kwanza lilitua kwenye helmeti nyeupe, tok, isiyo na mwiba hata mmoja. La pili lilipata sikio. Bronwyn alipita katikati ya mkeka wa watu wasiomhusu, akaomba radhi bila kusimama, akaingia kwenye kitanda cha tulipu, gurudumu la mbele likazama, naye akaruka juu ya usukani akalala kifudifudi kwenye nyekundu na njano. Akainuka. Akakimbia kwa miguu, jaketi limejaa matope, Sajini anamshukia kila hatua ya tano, mpaka akaingia kwenye choo cha wanawake na kuufunga mlango.

Tamsin alikuwa amesimama pale nje kwenye bomba, bakuli la stroberi kifuani. Alikuwa ameona ya kutosha.

"Amekupata wapi?" aliuliza kupitia mlangoni.

"Sikioni. Maeve?"

"Amesimama kwenye kona. Hajaguswa."

Bronwyn alichungulia. Kweli. Maeve alikuwa amesimama peke yake chini ya mkalitusi, mguu mmoja chini, mwembamba, kijani. Sajini alikuwa amerudi. Hakupanda mtini. Alitua njiani mbele ya gurudumu la mtoto, kifua kimefura, akamkagua. Bustani nzima ilionekana kushika pumzi, au labda ni Bronwyn tu.

Maeve alipiga mluzi, chini na juu. Mluzi ulitetemeka.

Hakuna kitu. Ndege alipiga hatua moja. Maeve alipiga mluzi tena, safari hii vizuri. Sajini aliinua kichwa, akarudisha wimbo mrefu, wote, mpaka mwisho, kisha akaruka zake juu tawini.

"Hajamchanganya na wewe," alisema Tamsin, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa tulivu. "Uliondoka kwa wakati. Hajamchanganya."

Bronwyn aliegemea sinki. Damu ilimdondokea begani, juu ya njano. Angeweza kumwita mtoto sasa. Imekatizwa tena, mwanangu, ndege ni mkali, twende tukakate keki, mwaka kesho tutajaribu. Hakuna ambaye angemlaumu. Maneno yalikuwa tayari kooni, na yalikuwa matamu.

Alifungua zipu. Alivua jaketi, akavua helmeti, akaufungua mlango kiasi cha kupitisha mkono.

"Imebaki minane," alisema. "Wa pili haukuisha, auanze upya. Asidanganye, mimi nahesabu."

Tamsin alipokea. Alivaa helmeti, kisha jaketi, matope na damu na vyote.

"Akifika wa saba huwa analegea," Bronwyn aliongeza. "Mwimbie jedwali la kuzidisha kwa saba, analichukia, atakimbia." Halafu akafunga mlango kwa nguvu, kwa sababu hakutaka kuona mtu akimshukuru.

Noelene alikuja na kopo la aiskrimu la lita mbili. Alikuwa amelichora macho mawili makubwa kwa kalamu, na kope. "Vaa," alisema. "Na usinijibu."

Bronwyn alilivaa. Alikaa chini ya paa la varanda ya choo, kopo kichwani, karatasi za choo sikioni, na kutoka hapo alihesabu kwa sauti ambayo bwawa zima liliisikia. "Wa pili! ... Wa tatu!" Watu waliopita waligeuka. Kila mara jaketi la njano lilipopita na helmeti ya kijani kando yake, kitu kilimchoma mahali pale pale, na hakikupungua kwa kuzoea. Waliendana vizuri. Waliinama pamoja kwenye kona. Kwenye wa saba mtoto alilegea, na Bronwyn aliona Tamsin akimwinamia kusema kitu, na Maeve akaziba sikio moja na kuongeza mwendo. Hata hilo lilimuuma, ingawa lilikuwa lake.

"Tisa!" alipiga kelele.

Maeve hakwenda mezani kwenye keki. Aliikata njia, akaja moja kwa moja mpaka varandani, akaangusha baiskeli.

"Nimemaliza."

"Nimehesabu."

"Unatoka damu, mama."

"Kidogo. Sasa tumefanana." Alimwonyesha sikio, la kushoto, kama lake.

Maeve alikaa kando yake, akanyanyua kopo kidogo kumwona usoni. "Nilimwonyesha picha yako," alisema. "Sajini. Julai, kwenye simu ya Tamsin. Nilimwekea funza juu ya picha, ili azoee kwamba wewe ni mtu mzuri."

"Akasemaje?"

"Akala funza. Halafu akainyea simu."

Noelene alicheka mpaka akashika nguzo. Bronwyn alijizuia, akashindwa.

Tamsin alifika na kisanduku cha dawa kutoka kwenye gari. Alichuchumaa, akaondoa karatasi za choo, akaanza kusafisha bila kuuliza. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Lazima viwe vyepesi. Anashughulika na vitu vinavyouma.

"Hao funza," Bronwyn alisema, akiangalia mbele. "Unanunua wapi?"

"Duka la mbegu, nyuma ya stesheni. Ila sasa hivi usijaribu, utamchokoza. Mpaka vifaranga wakue, na majira yapite. Anza Juni, akiwa na njaa na hana cha kulinda. Nikutambulishe mimi na Maeve."

"Unitambulishe."

"Kama unataka."

Bronwyn alihesabu kwa vidole: Oktoba, Novemba, Desemba. Alifika mwisho. "Miezi tisa."

"Ndiyo."

"Nimeshawahi kungoja miezi tisa kwa ajili yake," alisema. "Na hiyo nayo niliingoja natapika."

Mezani Grantley alikuwa anageuza soseji, mgongo amewapa, akiwa na busara hiyo angalau. Wageni wanne walikuwa wanaingia getini na makopo yao vichwani. Maeve aliwakimbilia. Tamsin alimpa Bronwyn kipande cha mkate wa siagi ulionyunyiziwa chenga za sukari za rangi, ambao alikuwa ameutengeneza mwenyewe, umekatwa pembetatu, mkate ambao kila mwaka huwa anautengeneza Bronwyn, na mwaka huu pia ameutengeneza, sahani nzima, iko kwenye boksi.

Aliuma. Siagi ilifika mpaka pembeni, kila mahali, kama inavyotakiwa. Alitafuta kasoro, akatafuna, akatafuta tena.

"Chenga nyingi mno," alisema, na akanyoosha mkono kuchukua cha pili.